Sehemu ya Tatu Iliyoshonwa

Gervais alipoingia sebuleni kwangu wiki iliyopita, baada ya miaka zaidi ya ishirini, hakuviangalia viti. Kila mtu huviangalia. Viti vile nilivitoa Dar, vikapita Kigoma, vikavuka ziwa ndani ya boti yangu mwenyewe, na kuanzia daraja la Lukuga mpaka Moba sijasikia mtu mwenye viti kama vile. Hata wakubwa wa serikali wakija kwangu hupitisha kiganja juu ya mbao kabla ya kukaa. Gervais alikaa ukingoni tu, kama mtu anayengoja kuitwa na daktari, akaweka mfuko wa plastiki juu ya magoti na kuushika kwa mikono miwili. Nywele zake zimekuwa nyeupe zote, na koti lake lilikuwa na vumbi la treni. "Dido," akasema, na waliobaki wa kuniita hivyo ni wachache sana; wengine wote wananiita Patron. "Mama Régine amekufa. Tulimuzika kule Nyunzu. Kesho njo tunamaliza matanga hapa Kataki, kwa mudogo wake." Akaninyooshea mfuko. "Alisema hii nikupe weye. Hakutaja jina. Alisema: mupatie yule wa mgongo."

Sikuufungua. Niliuweka juu ya meza ya kioo, nikaita chai, nikaanza kumweleza habari za boti ya tatu ninayoitengenezesha, urefu wake, injini yake, na fundi niliyemfukuza kwa sababu alinipigia msumari mfupi. Mimi nikiogopa, ninasema. Gervais aliniacha nimalize. Halafu akasema, kwa ile sauti yake ya darasani ambayo haikubadilika:

"Kesho nitasimama pale matanga. Nitaomba musamaha mbele ya watu."

"Musamaha wa nini?"

"Unajua wa nini. Ile maneno ilitoka kwa mwanafunzi wake, na wanafunzi tulikuwa wawili. Weye ulikuwa unasoma kwa kidole, herufi moja moja, na ile sehemu ya daftari ilikuwa imeshonwa. Lakini mimi, siku moja alienda kuteka maji, nikafungua kile kitabu chake cha Kifaransa. Kurasa mbili, Dido. Basi lazima njo mimi niliisema fasi fulani. Kwa walimu wenzangu, ao mu homa. Sikumbuki. Lakini Mama Adela, ule mujane, amezeeka na ile swali moyoni. Afazali apate jibu mbele hajakufa na yeye."

Chai ikaja, nikamwagia sukari nyingi kupita kiasi. Kesho yake, mbele ya Kataki nzima, mtu mwema angejitwisha mzigo usio wake, na mimi nilijua mzigo ni wa nani. Nimejua tangu siku ile. Nimekaa juu ya jambo hilo kama ninavyokaa juu ya viti hivi, na nimekaa vizuri. Ndiyo maana naandika, na kama kuna makosa ya kuandika mtanisamehe, mimi niliishia darasa la nne. Sitasema nilizaliwa wapi wala baba yangu alifanya kazi gani. Vitu hivyo havikunisaidia. Maisha yangu mimi huyahesabu kuanzia mgongo.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nabeba mizigo bandarini hapa Kalemie: saruji, chumvi, unga wa muhogo. Wenzangu walibeba mfuko mmoja, mimi nilibeba miwili, na kama kulikuwa na wasichana wanapita nilibeba miwili huku naimba. Asubuhi moja, katikati ya ubao wa kupandia melini, kitu kikakatika kiunoni, nikaenda chini na mifuko yote juu yangu. Wenzangu walicheka. Halafu wakaona sisimami, wakaacha. Nililala wiki nne. Nilipoweza kukaa, wavuvi waliotoka kaskazini ya ziwa wakanihurumia wakanipa kazi ya kushona nyavu pale ufukweni, kazi ya kukaa chini. Mkubwa wao alikuwa Papa Elias, mtu mfupi, mcheshi, mwenye sauti kubwa kuliko boti yake. Alinifundisha fundo lao: uzi unazunguka shingo mara mbili, unarudi chini, na kila ukilivuta linazidi kujikaza. "Fundo hii," alikuwa akisema, "hata samaki akiwa na diplome, haiwezi kuifungua." Ni yeye aliyeniona ninavyoinuka kama mzee, akaniambia kuna mama Kataki, fundi wa nguo, anajua kunyoosha watu. Mke wake, Adela, alikuwa mteja wa mama huyo. "Enda kwa Mama Régine," akasema. "Lakini uende na adabu, ule mama hachekake ovyo."

Mama Régine alikuwa amepita miaka hamsini, mrefu, mtu wa milima ya Moba, na mkasi unaning'inia shingoni pale ambapo zamani palikuwa na msalaba. Alikuwa sista. Shirika lake lilimtuma India, kwenye hospitali ya wakoma, akakaa miaka tisa, akarudi bila kanzu ya utawa. Kwa nini aliivua, Kataki walikuwa na majibu kumi. Yeye hakutoa hata moja, na kila Jumapili alikuwa misani, benchi la tatu. Atelie yake ilikuwa chumba kimoja kirefu, mashini tatu za kukanyaga kwa mguu, meza ya kukatia, mwanasesere wa mbao asiye na kichwa aliyevaa blauzi ya mtu, picha ya Bikira Maria, na harufu ya mafuta ya mashini ikichanganyika na moshi wa pasi ya makaa. Siku ya kwanza alinizunguka kama anayepima kitambaa.

"Unaumwa wapi?"

"Mgongo, Mama."

"Ulibeba nini?"

"Mifuko mbili ya simenti, mara moja," nikasema, na hata katika maumivu yale sauti yangu ilijipandisha yenyewe.

"Nani alikuomba mbili?"

Akasukuma vipande vya kitambaa kwa mguu. "Lala chini. Hapana pale, utalalia sindano."

Miezi mitatu alininyoosha. Alinifundisha kupumua, kitu nilichodhani nakijua. Alinikunja, akanikunjua, akaniweka ukutani kama ngazi. Siku moja niliinama nikagusa vidole vya miguu, nikataka kumshukuru niende zangu. Akavuta kiti. "Mgongo umepona," akasema. "Sasa tuangalie kile kilichokubebesha mbili." Akafungua sanduku la vitufe, na chini ya vitufe kulikuwa na kitabu cha zamani cha Kifaransa na kaye, daftari nene lenye jalada gumu. Ndani ya ile kaye alikuwa ameandika, akitoa katika kile kitabu, kwa Kiswahili chake mwenyewe na herufi za kitawa zilizosimama wima, maneno ya wazee wa India waliofikiri juu ya yoga zamani za zamani. Mimi niliamini yoga ni kunyoosha mgongo. Kumbe kunyoosha mgongo ni mlango wa nyuma tu wa nyumba, na nyumba yenyewe ni fikra.

Tulikuwa wanafunzi wawili. Wa pili alikuwa Gervais, mwalimu kijana wa shule ya msingi, mwembamba, mwenye kalamu mbili mfukoni, aliyekuja kwanza kushonesha suruali akabaki kubishana. Jumamosi saa tisa mchana, mashini zikifunikwa, tulikula kwanza. Mama Régine hakufundisha mtu mwenye njaa. Bukari, ndio ugali wetu, sombe ya majani ya muhogo kwa mawese, ndakala za kukaanga, dagaa wa ziwa letu, na pilipili aliyoisaga yeye mwenyewe na kuhesabu tone kwa tone kana kwamba ni dawa. Halafu tukanawa, tukakaa juu ya mkeka, wima, na yeye akasoma mstari mmoja. Mmoja tu. Mistari ile ni mifupi. Alisema Wahindi wanaiita nyuzi, kwa sababu ni mwalimu anayeingiza shanga. Ule mstari tuliubeba wiki nzima, mimi bandarini, Gervais darasani, na Jumamosi iliyofuata kila mtu alieleza mstari umemfanya nini. Kama haukukufanya kitu, hakusoma mwingine. Tulikaa wiki tatu juu ya mmoja kwa sababu yangu, na Gervais alikasirika mpaka akaacha kuniongelesha.

Alitufundisha kwamba akili ni kama ziwa letu: upepo ukivuma huoni chini, unaona mawimbi, na unayaita mawimbi "mimi". Alitufundisha kwamba ndani ya mtu kuna anayetenda na kuna anayetazama, na anayetazama hajawahi kuchoka, hajawahi kubeba saruji. Gervais alitaka kujua Mungu yuko wapi katika hesabu hiyo. "Iko," Mama Régine akajibu. "Lakini katika kitabu hii hapigake kelele." Alituhesabia magonjwa matano ya akili: kutojua, umimi, tamaa, chuki, na woga wa kufa. Akanielekezea mkasi. "Ya pili njo yako, Dido. Ukipona ile, zingine zitafuata zenyewe." Nilifurahi. Nilifikiri kuwa na ugonjwa wa namba mbili kati ya yote ni cheo.

Siku ya mstari wa kutodhuru, nilimtega. Nilimwambia, "Sasa Mama, kama hatuumizi kiumbe, hizi ndakala tulizokula?" Gervais akainama kuficha kicheko. Mama Régine hakucheka. "Yule mzee wa India mwenye kuandika hii hakuzaliwa Kalemie," akasema. "Kuleni samaki yenu. Lakini anza na ile unaweza kuacha leo. Weye, Dido, unaumiza watu na kinywa. Wiki hii acha kinywa." Na siku ya mstari wa kusema kweli, wakati ule askari walikuwa wengi mjini na watu walikuwa wanaulizwa maswali barabarani, Gervais aliuliza: kama wakija kuniuliza fulani amejificha wapi, niseme kweli? Mama Régine akazungusha pete ya kushonea kidoleni. Akasema kwamba mzee aliyeandika nyuzi alifuatwa na mzee mwingine aliyezieleza, na huyo wa pili alitia sharti: neno la kweli likimwangamiza kiumbe, hilo si kweli tena, limevaa nguo ya kweli. "Lakini usiseme uongo juu ya ile," akasema. "Tafuta kweli ingine yenye kuwa karibu. Iko kila siku. Shida ni kwamba ile ingine, mara mingi, wewe mwenyewe njo unailipa." Maneno yale niliyaona mazuri, nikayasahau.

Daftari lilikuwa na sehemu nne, na sehemu ya tatu ilikuwa imeshonwa. Kurasa zote za sehemu ile zilikuwa zimeunganishwa pembeni kwa uzi mweupe wa pamba, mshono mdogo, safi, wa fundi. Nilimuuliza kuna nini. "Kuko nguvu," akasema. "Mutu mwenye kufanya hii kazi muda murefu, wazee wanasema anapata nguvu fulani. Na hapo hapo wanasema: ukisimama kuzishangaa, umepotea. Kwa hiyo mimi niliandika, halafu nikashona." Gervais akatikisa kichwa, akaridhika. Mimi neno "nguvu" lilikuwa limekwisha kuingia.

Ilikuwa desturi yetu kwamba kila wiki mmoja wetu aende na daftari nyumbani, ajifunze mstari wake kwa moyo. Wiki yangu ilipofika, nilifunga mlango mchana kweupe, nikachukua wembe, nikakata ule mshono. Nilisoma siku tatu, kwa kidole, midomo ikicheza. Na nilisoma! Watu hawajui mtu wa darasa la nne anavyoweza kusoma akitaka kitu. Mwili kuwa mwepesi kama pamba. Kupita juu ya maji na matope bila kulowa. Kupotea mbele ya macho ya watu. Nguvu ya tembo. Kujua siku ya kufa. Nilifurahi, na siku ya tatu nikaogopa, kwa sababu Jumamosi ilikuwa imefika na sikuwa na uzi wa pamba. Nilikuwa na uzi wa nyavu, wa nailoni, mweupe. Nikasema: nyeupe na nyeupe, nani atajua? Nikapitisha kwenye matundu yale yale, nikafunga kwa fundo pekee nililolijua. Nikampa daftari. Alilipokea, akaliweka chini ya vitufe, akaniuliza kama nimenawa mikono. Nilidhani nimeshinda.

Ningekaa na siri yangu kama mtu, basi. Lakini Jumanne, saa sita, tulikuwa tunakula ufukweni, Papa Elias na watu wake watatu wa boti moja, na mimi. Upepo ulikuwa umetulia, nyavu zimeanikwa. Mmoja akaanza.

"Eti Dido anafungaka macho kwa ule mama. Anaota nini?"

"Anaota bukari!"

"Hapana, anaota mifuko mbili ya simenti!"

Wakacheka wote, na Papa Elias akacheka zaidi, akanipiga begani kwa upendo. Ningeweza kucheka nao. Ule mkono ndio ulionituma kwa Mama Régine. Badala yake nikaweka tonge chini, nikasema: "Chekeni. Sisi tunasoma kitabu ambayo mutu anatembea juu ya ziwa hii bila kulowa mguu. Anapotea machoni. Na Mama anajua siku ya kila muntu kufa."

Kicheko kikakatika. Papa Elias akanitazama, kinywa kimejaa. "Ya kila muntu?"

"Ya kila muntu," nikasema. "Hata yako."

Siku kumi baadaye upepo uliruka mlimani alfajiri bila onyo, kama unavyofanya msimu ule, na boti ya Papa Elias haikurudi. Waliipata imepinduka karibu na mdomo wa mto Lubuye. Wanne wote. Nilisaidia kuwabeba, mgongo wangu mzima, mgongo aliouponya yule mama, na nilipokuwa nimeshika miguu ya Elias nilihesabu waliokuwepo kwenye kile chakula. Walikuwa wanne na mimi. Hapakuwa na mwingine tena aliyesikia neno lile likitoka kinywani mwangu. Nawaambia kitu ambacho sijamwambia padri: kabla machozi hayajanitoka, ilinijia kwanza nafuu.

Lakini wavuvi walikuwa na wake. Baada ya maziko watu walikwenda kumchukua Mama Régine, wakamleta uani kwa shefu wa kartie, mkubwa wa mtaa, saa nne asubuhi, jua kali, na kijana mmoja alikuwa amekuja na tairi begani. Hakusema la nini; wote tulijua wachawi huchomwa kwa nini. Aliliweka chini tu, akalikalia. Shefu alikuwa mtu wa woga, kofia yake ilikuwa inazunguka mikononi. Tulisimamishwa sisi watatu mbele, Mama Régine katikati, mkasi bado shingoni, Gervais kulia, mimi kushoto. Mama Adela akasogea, amejifunga kanga nyeusi, sauti haina hata kilio.

"Mama Régine. Wewe ulinishonea robe ya ndoa. Bwana yangu aliniambia amesikia kwa mwanafunzi wako kama wewe unajua siku ya kila muntu kufa. Na yake. Nakuuliza tu. Ulijua?"

"Hapana, mwanangu. Sikujua."

"Ulimuuzisha kwa mashetani!" mtu akapiga kelele nyuma. "Nguo zote hizi, anapataka wapi?"

"Mwanafunzi gani?" shefu akauliza. "Elias alitaja jina?"

"Hakutaja," akasema Mama Adela.

Macho ya uwanja mzima yakatujia sisi wawili. Shefu akanitazama kwanza, na nikaona ameniacha upesi. "Huyu wa bandari hata kusoma hajui," akasema, na watu wakaguna kukubali. Mimi ambaye nilikuwa tayari kumpiga mtu kwa neno kama lile, nililipokea kama mkate. Wakamgeukia Gervais. "Mwalimu. Wewe njo unasoma." Gervais akasema si yeye. Akasema mara ya pili. Kofi likatoka kwa watu, likampata shavuni, kalamu zikaanguka. Alinitazama mimi, si kwa kunishtaki, alikuwa anatafuta tu uso wa kirafiki. Nikaangalia miguu yangu.

Ndipo mtu akaleta daftari kutoka atelie. Shefu akamwambia Mama Régine afungue kila ukurasa. Akafungua, mpaka akafika sehemu ya tatu, na kidole gumba chake kikasimama pembeni, juu ya mshono. Nilikuwa karibu naye kuliko ulivyo mlango huu na dirisha hili. Nilikiona kidole kikigusa fundo mara moja, kikakaa. Nikajiambia anatafuta maneno.

"Pale mbona imeshonwa?" shefu akasema. "Fungua."

"Sitafungua," akasema Mama Régine.

Kijana wa tairi akasimama.

"Mama, nani alitoa maneno? Taja, uende zako."

"Hii kaye ni yangu," akasema, polepole, kwa sauti ya Jumamosi. "Maneno yenye iko ndani, ni mimi niliandika. Mwalimu njo mimi. Kama kuna neno lilitoka humu likaumiza Mama Adela, lilitoka kwangu. Hawa wawili muwaache."

Hakudanganya hata neno. Shefu, nadhani, alimwokoa kwa woga wake: alisema mwanamke huyu aondoke Kalemie siku hiyo hiyo, asirudi, na akamwita askari mmoja amsindikize mpaka gari-moshi, kabla kijana wa tairi hajapata wa kumsaidia. Watu wakakimbilia atelie badala yake. Mashini zilitolewa, mwanasesere asiye na kichwa aliungua amevaa blauzi ya mtu. Gervais, ambaye shuleni walimwambia asirudi, alienda naye, akimbebea sanduku. Alipopita mbele yangu getini, daftari kwapani, Mama Régine hakusimama. Alisema, kama alivyosema mara mia, "Mgongo, Dido. Unyooshe." Nikaunyoosha. Sikujua kufanya kitu kingine.

Yale mengine mnayajua, kwa sababu nayasimulia mwenyewe kwenye harusi za watu. Kwamba nilianza na mtumbwi mmoja. Kwamba sinywi, siibi, siwahi kuchelewa, kila alfajiri nakaa peke yangu nusu saa na hakuna mtu anayeruhusiwa kuniita. Wakiniuliza nani alinifundisha nidhamu ile, nasema: hakuna, nilijijenga. Nimelisema mara nyingi hivi kwamba watoto wangu wanalisema kwa wenzao.

Pale sebuleni Gervais alikuwa bado anasimulia, chai imepoa. Kwamba kule Nyunzu Mama Régine alifundisha wasichana kushona. Kwamba vita vilipowakimbiza alivuka mashamba na daftari limefungwa tumboni chini ya kitenge, akaacha hata sufuria. Kwamba hakuwahi kumuuliza Gervais kama ni yeye. "Hata siku moja, Dido. Hiyo njo iliniumiza. Nilidhani ananihurumia."

Nikafungua mfuko. Jalada lilikuwa limeliwa pembeni, maji yamepita humo. Nikaenda moja kwa moja sehemu ya tatu. Ilikuwa bado imeshonwa. Uzi ulikuwa unang'aa kidogo, jinsi pamba isivyong'aa. Mwanamke yule alikuwa na maboksi ya uzi maisha yake yote. Angeweza kuukata mshono ule mbovu na kuufanya upya kwa dakika mbili. Hakuukata. Nikachukua mkono wa Gervais, nikauweka pembeni ya kurasa.

"Unaona nini?"

"Fundo."

"Ni fundo ya fundi nguo?"

Akavaa miwani, akalivuta. Likajikaza. Akalivuta tena. "Hapana," akasema. "Hii ni kama ya nyavu." Akaliachia. "Mimi sijawahi kushona nyavu."

"Najua," nikasema.

Alivua miwani, akaifuta kwa shati, muda mrefu mno kwa miwani ndogo vile. Nilingoja anitukane. Nilitaka anitukane. Akasema tu, "Miaka yote nilishuku kinywa changu mwenyewe," akasimama, akachukua koti lake, na mlangoni akageuka. "Kesho saa tatu. Mimi sitasema kitu, Dido. Kama hakuna mutu atasema, matanga itaisha vile."

Saa tatu Kataki ilikuwa imejaa. Turubai, viti vya kukodi, wamama wa kanisa wanaimba. Mama Adela alikuwa mstari wa mbele, mdogo, meno yamebaki machache, fimbo kati ya magoti. Gervais alikaa nyuma. Msemaji aliponiona nimeingia alikatiza wimbo, kwa sababu wamezoea: mimi nikisimama kwenye matanga ni kutangaza mifuko ya mchele. "Patron Dido njo anataka kusema! Mupigie makofi!" Wakapiga, na vigelegele juu yake. Nilisimama na daftari mkononi mpaka makofi yote yakaisha, moja moja, hata yale ya watoto. Halafu nikaenda mbele, nikapiga magoti mbele ya fimbo ile.

"Mama Adela," nikasema, "ile maneno, bwana yako aliisikia kwangu."